Nani Alimuuliza Nani

Kuanzia Septemba 2007 hadi Agosti 2008, wadadisi walizunguka katika kaya zipatazo 4,000 za wilaya saba za Tanzania wakiuliza jambo ambalo hakuna asiyeweza kulijibu: hapa nyumbani mnakula nini, na kiasi gani? Kaya hizo zilikuwa zimegawanywa kwa kura katika mafungu manane, kila fungu na namna yake ya kuulizwa. Kuna walioachiwa daftari moja la nyumba nzima waandike kila kinachoingia chunguni. Kuna ambao kila mtu mzima alipewa daftari lake, na mdadisi akawa anapita mara kwa mara kulikagua. Wengine walitakiwa kukumbuka siku saba zilizopita, wengine siku kumi na nne, wengine wakaambiwa wakadirie mwezi wa kawaida. Hawa walisomewa orodha ndefu ya vyakula, wale fupi.

Nchi ileile, mwaka uleule, ugali uleule. Waliokuja kuipiga hesabu, Joachim De Weerdt, Kathleen Beegle, Jed Friedman na John Gibson, walikuta kwamba wenye njaa wanaweza kuwa asilimia 19 au asilimia 68, inategemea umeshika matokeo ya fungu lipi.

Msomaji asiye na subira atatoa hukumu hapo hapo: takwimu ni porojo. Mwanasiasa atachukua namba inayomfaa na kuondoka nayo. Mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayetafiti jamii kwa namba hana ruhusa ya kupita njia yoyote kati ya hizo. Yeye anatakiwa akae pale katikati, kati ya 19 na 68, aeleze kila hatua iliyoifikisha namba pale ilipo. Ndiyo kazi yenyewe. Programu za kompyuta, milinganyo, majedwali yenye nyota, hata joho jekundu la siku ya mahafali, vyote hivyo ni vyombo na mapambo ya kazi hiyo.

Sababu za tofauti ile hazina uchawi. Mama anayejibu kwa niaba ya nyumba nzima hajui kwamba mwanawe mkubwa amekula chipsi stendi, wala kwamba mumewe alipitia kijiweni akanywa chai na vitumbua viwili kabla ya kwenda shamba. Maembe waliyookota watoto njiani hayana wa kuyaandika. Kumbukumbu ya siku saba huvuta ndani yake karamu ya siku ya tisa, maana pilau haisahauliki. Kumbukumbu ya siku kumi na nne huudondosha mchicha, maana mchicha ni wa kila siku. Na huo mwezi wa kawaida ndio mtihani mgumu kuliko yote: mtu ambaye kipato chake hupanda na kushuka kwa msimu anaambiwa ajitungie mwezi ambao hajawahi kuuishi. Watafiti wale walilichukua daftari la kila mtu, lenye usimamizi wa karibu, kuwa kipimo cha kupimia vipimo vingine. Ni ghali mno. Mwanafunzi hawezi kuligharimia, na ofisi nyingi za takwimu nazo haziwezi. Kwa hiyo karibu kila mmoja katika fani hii anafanya kazi na kipimo anachojua kina kasoro, na uaminifu wake tunaupima kwa jinsi anavyoieleza kasoro hiyo.

Ajabu ni kwamba vyuo vyetu huifundisha fani hii kwa kuanzia mkiani. Mwanafunzi akishasajiliwa hukimbizwa kwenye mafunzo ya SPSS au Stata, siku hizi na R, ajue kubonyeza wapi ili jedwali litoke. Dodoso lenyewe hupewa kipindi kimoja au viwili, na mara nyingi huazimwa kutoka tasnifu ya aliyetangulia, naye aliliazima kwa mwingine, mpaka ukifuata nasaba yake unaishia katika chuo cha ng'ambo ambako watu walioulizwa hawakuwa na shamba, wala wakwe, wala mwenyekiti wa kitongoji. Ngazi tano za kukubali na kukataa, zile za "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa", zimejaa katika madodoso yetu. Zilitoka kwenye tasnifu ya uzamivu ya Rensis Likert, ya mwaka 1932, Chuo Kikuu cha Columbia, na wahojiwa wake walikuwa hasa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Kwa watu wale zilifaa. Mpelekee mzee wa Muleba aliyekukaribisha kiti, akakuletea na kahawa, umsomee sentensi kumi umuulize anakubali kwa kiasi gani. Atakubali zote, tena sana. Amelelewa hivyo. Kompyuta itaupokea ukarimu wake kama msimamo wa kisiasa.

Kabla ya kufika kwa mzee huyo, mtafiti amepanda ngazi zake mwenyewe. Barua ya chuo, na kwa mgeni kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Barua hiyo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anaandika nyingine kwenda wilayani. Wilayani wanaandika kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Halmashauri inamwandikia Mtendaji wa Kata. Mtendaji wa Kata anampigia simu wa kijiji. Wa kijiji anakukabidhi kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye ndiye anayekuongoza hadi mlangoni. Wanafunzi huzilalamikia barua hizi kwa sababu ya muda na nauli. Mimi naona tatizo kubwa liko kwingine. Mtu aliyeletwa na msururu huo amekwisha kuwa mkono wa serikali machoni pa anayemhoji, hata kama kwenye utangulizi wa dodoso ameandika kwa herufi nene kwamba utafiti ni wa kitaaluma tu. Afrobarometer, mtandao unaokusanya maoni ya Waafrika tangu 1999, umekuwa ukimaliza mahojiano yake kwa kumuuliza mhojiwa anadhani nani aliyewatuma. Wengi husema serikali. Swali hilo moja limenifundisha mengi kuliko sura nzima za vitabu vya mbinu za utafiti, na nashangaa halimo katika tasnifu zetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmetumwa na TASAF?"

"Hapana mama, natoka chuo kikuu. Nafanya utafiti wa masomo yangu."

"Haya. Na hicho chuo kikuu kinagawa nini?"

Kila aliyewahi kukaa kwenye mkeka na kishikwambi magotini ameyasikia mazungumzo ya namna hii. Tangu mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulipoanza kuzifikia kaya vijijini, mtu yeyote anayeuliza kuhusu bati, mbuzi na idadi ya milo anaonekana anaandaa orodha. Na orodha ina maana. Kwa hiyo mbuzi watapungua. Pengine wangepungua hata kabla ya mpango huo, kwa kuwa wapo wafugaji wasiopenda mifugo yao ihesabiwe, na wapo wazee wanaoikumbuka kodi ya kichwa. Mtafiti anayejua hivyo hamwiti mhojiwa wake mwongo. Anatafuta namna nyingine: anauliza maziwa ya asubuhi yalijaza chombo gani, anauliza nani aliyechunga jana, anatazama zizi akiwa anaaga. Mambo haya hayaandikwi kwenye pendekezo la utafiti, na ndiyo yanayomtenganisha anayejua kazi na asiyejua.

Umri nao una vitimbi vyake. Ukichora umri wa watu kama walivyojitaja, katika nchi nyingi za Afrika unapata minara kwenye 30, 35, 40, 45, na mabonde katikati. Wanatakwimu wana kipimo cha Whipple kwa ajili ya hili: unachukua watu wa miaka 23 hadi 62, unahesabu wenye umri unaoishia na 0 au 5, unazidisha kwa tano, unagawanya kwa jumla ya watu wa rika hilo, unazidisha kwa mia. Ukipata 100, hakuna mrundikano. Ukipata 500, hakuna aliyetaja umri wa namna nyingine. Dawa yake ni kalenda ya matukio, na hapa mtafiti mwenyeji anamzidi mgeni kwa mbali. Kagera huwezi kufanya kazi bila vita vya 1978 na 1979, bila kuzama kwa MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, bila tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016. Meli ilipozama, huyu mtoto alikuwa ananyonya au alikuwa ameachishwa? Mama anafikiri, anamtaja jirani aliyepotelewa na ndugu siku ile, anakumbuka alikuwa amembeba nani mgongoni alipokwenda msibani, na mwaka wa kuzaliwa unapatikana. Dakika kumi zimekwisha kwa namba moja. Mwanafunzi mwenye haraka angeandika 30 akasonga mbele.

Tena umri ni swali jepesi. Swali la kazi ni zito zaidi, kwa sababu kwanza lazima uamue unamuuliza nani. Katika jaribio lilelile la mwaka 2007 na 2008, Elena Bardasi, Kathleen Beegle, Andrew Dillon na Pieter Serneels walilinganisha watu waliojisemea wenyewe na watu waliosemewa na mwingine wa nyumba hiyo. Kwa wanawake, ushiriki katika kazi haukubadilika. Kwa wanaume ulishuka, na hasa kilichopotea ni kazi yao ya shamba. Aliyejibu akiwa mke, tofauti ilipungua. Nimelitafakari sana tokeo hili. Namba za ajira zinazobishaniwa magazetini zinaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya nani alikuwepo nyumbani mdadisi alipobisha hodi saa nne asubuhi. Wenye kazi wako kazini, ndiyo maana hawapo kujibu kama wana kazi.

Kuhusu kaya yenyewe, nani ni wa hapa na nani si wa hapa, sitakaa sana. Mwongozo wa mdadisi unasema wanaoishi pamoja na kula pamoja. Mume mwenye nyumba mbili, kijana aliyepanga Mbagala lakini gunia la mchele linatoka kwa mama yake Kyela, mjukuu anayelala kwa bibi na kula kwa baba: wote hao wanaamuliwa na mdadisi akiwa amesimama juani, na uamuzi wake ukishaingia kwenye kishikwambi hauonekani tena. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu 61,741,120. Namba ile inasomeka vizuri hadi tarakimu ya mwisho kwa sababu maamuzi ya aina hiyo yamefichwa chini yake kwa mamilioni.

Sasa nije kwenye hesabu, nisije nikaonekana nazidharau. Kuna hesabu moja ambayo ningetaka kila mtahiniwa aijue kwa kichwa kabla hajaomba fedha. Mwanafunzi anapanga kuhoji kaya 600: vijiji 30, kila kijiji kaya 20. Anaona 600 ni nyingi, na jopo la idara linaona hivyo pia. Lakini watu wa kijiji kimoja wanafanana. Wanapata mvua moja, wanauza kwenye mnada mmoja, watoto wao wako shule moja. Ukishamhoji wa kumi, wa kumi na moja anakwambia machache mapya. Leslie Kish, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha Michigan, alituachia njia ya kupima hasara hiyo: chukua idadi ya kaya kwa kijiji, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana, ongeza moja. Kiwango cha kufanana kikiwa 0.1, ambacho si cha ajabu kabisa katika mambo ya kipato, tunapata 19 mara 0.1, ongeza 1, yaani 2.9. Gawanya 600 kwa 2.9. Kaya zako 600 zina uzito wa kaya zipatazo 207 ambazo zingechaguliwa moja moja nchi nzima. Posho ya wadadisi umelipia watu 600, taarifa umepata za 207. Ungekwenda vijiji 60, kaya kumi kila kimoja, hasara ingekuwa ndogo zaidi, ila bodaboda na siku za njiani zingekumaliza. Hapo ndipo elimu ya namba inapokutana na mfuko, na sioni aibu kusema kwamba sehemu kubwa ya ubingwa katika fani hii ni kujua fedha haba uzipeleke wapi.

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika uwanja huu ilianzia Kagera mwaka 1991. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na miaka minane baadaye Benki ya Dunia na watafiti wa Muhimbili walitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaiachaje nyumba. Walizitembelea kaya zaidi ya 900 katika Bukoba, Muleba, Karagwe, Biharamulo na Ngara, kila moja hadi mara nne, mpaka 1994. Kisha wakafunga mafaili. Mwaka 2004 timu ikarudi. Wepesi ulikuwa kubisha hodi kwenye nyumba zilezile, kumhoji aliyebaki, na kuandika kwamba asiyekuwepo ametoka kwenye sampuli. Wao waliamua kumfuata kila aliyekuwa ndani ya nyumba zile, popote alipo, hata Mwanza, hata Dar es Salaam, hata Uganda. Nyumba zile za mwanzo zilikuwa zimezaa nyumba zaidi ya 2,700. Ukiacha kaya ambazo watu wake wote walikuwa wamefariki, katika asilimia 93 ya kaya za awali walimpata walau mtu mmoja. Wakarudi tena mwaka 2010.

Nani alimpata nani? Hakuna kompyuta iliyofanya hivyo. Ni shangazi aliyesema anauza vitenge Kariakoo, ni rafiki wa shule aliyekuwa na namba ya simu ya zamani, ni dereva wa basi aliyejua mtaa. Lakini kilichopatikana ni tokeo ambalo hakuna hekima ya kijiweni ingeweza kulifikia. Beegle, De Weerdt na Stefan Dercon, katika makala yao ya 2011, waliwalinganisha watu waliotoka nyumba moja: mmoja alihama, mwingine alibaki. Wote walianza chini ya paa moja, na ukoo mmoja, na shamba moja la migomba. Kati ya 1991 na 2004, kuhama kulimwongezea aliyeondoka pointi za asilimia 36 katika ukuaji wa matumizi yake. Aliyeacha kilimo alipata zaidi ya aliyebaki kwenye kilimo, lakini ndani ya shughuli yoyote ile, aliyehama alimpita aliyebaki. Swali likawa, kama kuondoka kunalipa hivyo, mbona wengi wamebaki? Jibu walilolielekea ni kwamba nyumbani kuna kamba: mila na undugu huwazuia baadhi ya watu wasiondoke.

Fikiria kama timu ile ingehoji waliobaki tu. Ingeandika kwamba maisha ya watu wa Kagera yamesogea kidogo, na ingekuwa imesema kweli kuhusu kila mtu iliyemhoji. Namba safi, makosa sanifu madogo, nyota zote mahali pake. Kosa lingekuwa kwa wasiokuwepo. Nikisoma tasnifu yoyote ya kufuatilia watu kwa miaka, ukurasa ninaoutafuta kwanza ni ule wa waliopotea, na mara nyingi ni aya moja yenye haya.

Huko huko Kagera, katika kijiji cha Nyakatoke, De Weerdt alifanya jambo jingine lililonikaa moyoni. Kijiji kilikuwa na kaya 119, naye hakuchukua sampuli, waliulizwa wote. Ukipatwa na shida, unamtegemea nani? Na nani anakutegemea wewe? Kaya 119 zinaweza kupangwa katika jozi 7,021, kwa hiyo kijiji kidogo kama hicho kina ramani kubwa ya kusaidiana. Majibu yalipowekwa pamoja, mengi hayakukutana. Huyu kamtaja yule, yule hakumtaja huyu. Wanauchumi wamegombea data hizo kwa miaka, wakijenga miundo ya hisabati kueleza kama uhusiano uliotajwa na upande mmoja ni uhusiano kweli. Mimi nimeridhika kukaa na tokeo lenyewe. Mtu anahesabu kwamba jirani atamsimamia, na jirani hana habari. Mwandishi wa riwaya angehitaji sura nzima kulisema hilo, na angekuwa amesema habari ya watu wawili tu. Jedwali lilisema habari ya kijiji kizima, bila kumtaja mtu jina.

Ndiyo sababu siwakubalii wenzangu wa fasihi na historia wanaosema namba huua utu wa mtu. Inategemea nani kaishika. Ninachokiogopa ni kingine. Pembeni ya vyuo vyetu, kwenye steshenari zinazofunga tasnifu kwa majalada magumu, kuna vijana wenye kompyuta ambao kwa malipo watakuchambulia data, watakutolea majedwali, wakizidi watakuandikia na sura ya nne. Wanafunzi wa shahada ya kwanza huwaendea, wa uzamili huwaendea, na wapo wa uzamivu. Sina hasira na vijana hao. Wengine ni wajuzi kuliko wateja wao, na wanakula jasho lao. Hasira yangu ni kwa mtahiniwa anayefika mbele ya jopo akiwa amevaa suti, aulizwe kwa nini ameondoa kaya fulani kwenye uchambuzi, akatazama karatasi kama inaweza kumnong'oneza. Shahada hii humpa mtu haki ya kuaminiwa anaposema namba hadharani. Aliyenunua namba amenunua haki hiyo bila kuwa na cha kuiwekea dhamana.

Na kijana wa steshenari anajua mteja anataka nini: nyota, ile alama ya jedwalini inayodai kwamba tokeo si rahisi kuwa la bahati tu. Kizingiti cha 0.05, kinachoamua tokeo lipi lipate nyota, kilienea kupitia kitabu cha Ronald Fisher cha mwaka 1925, alichokiandika akiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na mwenyewe alikieleza kuwa ni kiwango kinachofaa kwa urahisi wa matumizi. Kikageuka mlango wa peponi. Ukijaribu mambo ishirini yasiyohusiana kabisa kwa kizingiti hicho, uwezekano wa kupata walau nyota moja ya uongo ni asilimia 64. Mwanafunzi aliyejaribu mambo mia na kuripoti matatu hajadanganya katika sentensi hata moja aliyoandika. Chama cha Wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko mwaka 2016 kuonya juu ya mazoea haya. Kwetu bado wapo wasimamizi wanaomrudisha mwanafunzi uwandani kwa sababu matokeo hayakuwa na nyota, kana kwamba kutokuona uhusiano si tokeo.

Kulikuwa na hofu ya aina nyingine pia. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya 2015 ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha namba zinazopinga au kupotosha takwimu rasmi, kwa adhabu ya kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi milioni kumi, au vyote. Mwaka uliofuata vifungu hivyo vilirekebishwa tena na makali hayo yakaondolewa. Ni vizuri viliondolewa. Mtu anayejua kwamba namna ya kuuliza tu inaweza kuitoa njaa 19 ikafika 68 anajua pia kwamba namba mbili tofauti zinaweza kuwa za watu wawili waaminifu, na kwamba njia ya kuwapatanisha ni kuweka madodoso yao mezani na kuyasoma.

Hilo la mezani ndilo linalonifanya niandike. Tasnifu za sayansi ya jamii katika vyuo vyetu, ukiacha idara za Kiswahili, huandikwa kwa Kiingereza, na kiambatisho chake kina dodoso la Kiingereza. Lakini hakuna aliyemhoji mkulima wa Ngara kwa Kiingereza. Aliulizwa kwa Kiswahili, au kwa Kihangaza na kijana aliyekuwa akifasiri palepale kwa kadiri alivyoelewa, na maneno aliyoyasikia hayamo kwenye kurasa mia tatu za kazi ile. Mtahini anasahihisha swali ambalo halikuulizwa. Miaka kumi baadaye mwanafunzi mwingine akitaka kurudia utafiti ule, atafasiri upya kwa namna yake, ashangae majibu yamebadilika, aandike kwamba jamii imebadilika.

Wakuu wa idara, wasimamizi na watahini wa nje: mdaini mtahiniwa dodoso kama lilivyotamkwa, kwa kila lugha iliyotumika, pamoja na kalenda yake ya matukio, idadi ya waliosemewa na watu wengine, na maelezo ya jinsi walioshindikana kupatikana walivyotafutwa. Mkiona hayapo, irudisheni kazi kabla hamjasoma jedwali la kwanza. Kikomo cha maneno ya tasnifu kwa kawaida hakihesabu viambatisho, kwa hiyo nafasi ipo.